Huduma ya Kilutheri chuoni si ya Walutheri peke yao

Kwa miaka mingi imesemwa kwamba huduma ya Kilutheri chuoni ni ya waliobatizwa Kilutheri tu, na kwamba anayejiunga nayo anapoteza muda wa masomo. Yote mawili si kweli.

Ulutheri wenyewe ulizaliwa chuoni. Martin Luther, mwanzilishi wake, alipata udaktari wa theolojia mwaka 1512, akafundisha Biblia katika Chuo Kikuu cha Wittenberg, Ujerumani. Hoja zake 95 za mwaka 1517, za kupinga uuzaji wa vyeti vya msamaha, aliziandika kwa Kilatini, lugha ya wasomi, ili zijadiliwe. Philipp Melanchthon, aliyekuja kuwa mshirika wake mkuu, alifika hapo mwaka 1518 kufundisha Kigiriki akiwa na miaka 21, umri wa wanafunzi wengi wa leo. Kuuliza maswali magumu ni urithi, si uasi.

Ibada na mafunzo ya Biblia kwa kawaida huwa wazi kwa yeyote. Penye tofauti ni Chakula cha Bwana, kwa kuwa makanisa ya Kilutheri hayana msimamo mmoja kuhusu nani ashiriki. Muulize mchungaji kabla ya ibada.

Kuhusu muda, kikundi cha mafunzo ya Biblia cha watu 6 hadi 10, saa moja kwa wiki, kinatosha. Kinachoharibu ni saa moja kugeuka tatu, hasa mitihani ikikaribia. Baya zaidi ni viongozi wote kuhitimu mwaka mmoja, kikundi kikabaki yatima. Atakayepokea uongozi aandaliwe muhula mzima kabla. Na mwanafunzi mgeni atafutwe wiki ya kwanza. Akishauzoea upweke, ni vigumu kumfikia.