Hita plagi iliyokwama: ni nini hasa kinachoishika?

Hita plagi ni kijiti cha chuma kinachofungwa kwa uzi (mikunjo kama ya skrubu) kwenye silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini ya dizeli, ncha yake ikichungulia ndani ya chumba cha mwako. Dizeli haiwashwi kwa cheche. Huwaka kwa sababu hewa imebanwa mpaka ikapata moto. Toyota 1HZ, injini ya Land Cruiser nyingi za safari na za huduma za vijijini, huibana hewa zaidi ya mara 22. Hata hivyo, asubuhi ya baridi ya Makete au Nyahururu, chuma kilicholala nje usiku kucha hulinyonya joto hilo. Ndipo plagi inapopitishiwa umeme, ncha yake ikapanda zaidi ya nyuzijoto 800, na injini ikashika bila kuhangaika.

Plagi huitwa iliyokwama pale inapogoma kutoka kwa nguvu ambayo haiwezi kuivunja. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito, maana kwa nguvu ya kutosha plagi yoyote itazunguka. Tatizo ni kwamba huenda kinachozunguka ni nusu yake tu. Mwili wake ni mwembamba na una uwazi katikati wa kupitisha waya. Kwa plagi ya uzi wa M10, yaani wenye kipenyo cha milimita 10, kikomo kinachotajwa kwa kawaida wakati wa kufungua ni Nm 35 (niutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha), na kwa M8 ni Nm 20. Nm 20 ni kama kuning'iniza kilo kumi kwenye mwisho wa spana ya sentimita 20. Fundi aliyezoea nati za magurudumu huipita nguvu hiyo kabla hata hajakaza mkono.

Kinachoishika si kitu kimoja, na dawa ya hiki si dawa ya kile. Kwanza ni uzi wenyewe: kutu, au plagi iliyokazwa kupita kiasi na aliyeifunga mara ya mwisho. Chuma kikikaa miaka ndani ya hedi ya aluminiamu, metali hizo mbili hulana na kushikana. Dalili yake ni kwamba plagi haisogei kabisa.

Pili ni masizi. Kati ya ncha na ukuta wa tundu lake kuna nafasi nyembamba, na moshi wa mwako huingia humo na kuganda taratibu hadi ukawa mgumu kama ukoko wa sufuria. Hapa plagi hulegea kidogo, kisha ikawa nzito tena baada ya robo mzunguko. Uzi umeachia, ncha ndiyo iliyoshikwa. Wengi huvunja plagi hapo hapo, kwa sababu wanaiona imeanza kutoka na wanaongeza nguvu.

Tatu ni ncha iliyovimba. Plagi ya volti 6 ikifungwa kwenye mfumo unaoipa volti 12 moja kwa moja, au relei (swichi ya umeme ya plagi) ikinasa na kuendelea kupeleka umeme injini ikiwa imeshawaka, ncha hupata joto kupita kiasi, ikatanuka na hata kupasuka. Injini za Chevrolet za lita 6.2 na 6.5 kule Marekani zinajulikana sana kwa jambo hili. Uzi hutoka wote, plagi inacheza mkononi, lakini ncha ya ndani ni nene kuliko tundu.

Huku kwetu pwani kuna sababu inayozidisha tatizo: joto la hewa. Gari la Dar es Salaam au Mombasa huwaka hata plagi zikiwa zimekufa, basi hakuna anayezigusa kwa miaka. Kisha gari linapelekwa nyanda za juu, linatoa moshi mweupe na kumaliza betri kila asubuhi, na ndipo zinafunguliwa kwa mara ya kwanza.

Kuzitoa kunahitaji subira kuliko misuli. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu kwenye mzizi wa plagi na uyaache yalale usiku. Kesho yake endesha injini hadi ipate joto lake la kazi, kisha jaribu ikiwa bado ya moto. Aluminiamu hutanuka karibu maradufu ya chuma, hivyo tundu hupanuka na kuachia. Tumia spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kuzungusha, iliyowekwa kwenye kikomo. Ikisogea, irudishe, ifungue tena, ongeza mafuta, ukienda mbele na nyuma kidogo kidogo. Ikiwa tatizo ni masizi na plagi bado nzima, kuipa umeme wa volti yake kwa dakika chache huweza kuyachoma na kuyalegeza. Iliyovimba haitalainika kwa lolote kati ya haya. Mara nyingi lazima nozeli, yaani kinyunyizio cha dizeli, itolewe ili kazi ifanyike kwa ndani, au hedi ishushwe.

Ikikatika, usipige starta. Ncha iliyoangukia ndani inaweza kufika kwenye pistoni na kuharibu injini nzima. Usitegemee sumaku pia, kwa sababu ganda la ncha mara nyingi ni aloi ya nikeli isiyovutwa nayo. Kipande kilichobaki kwenye uzi hutobolewa kwa drili katikati kabisa, na vumbi la chuma lisiachwe lidondoke kwenye silinda. Asiye na vifaa hivyo ashushe hedi. Gharama ya gasketi, kizibo cha kati ya hedi na injini, ni ndogo kuliko ya pistoni.

Kabla ya kufunga mpya, tundu lisafishwe masizi kwa kikwangulio chake kilichopakwa grisi ya kunasa uchafu, la sivyo ncha mpya itasukumwa ndani ya ukoko wa zamani. Kwa M10 ukazaji wa kawaida ni kati ya Nm 12 na 18, kwa M8 karibu Nm 10, na kitabu cha injini husika ndicho chenye neno la mwisho.