Je, wajua kwa nini njia ya miguu hugeuka mtaro?

Panda Mlima Longonot, ile volkano ya Kenya, baada ya masika, utazame unapokanyaga. Kuna mahali njia imezama mpaka kingo za majivu zinakufika magotini, penginepo kiunoni, na pembeni yake watu wameshafungua njia ya pili, na ya tatu. Wengi hulaumu viatu vya wapandaji. Viatu vina hatia, ila ndogo. Mchimbaji hasa ni maji. Miguu huyafungulia mlango tu.

Mlango wenyewe hufunguka hivi. Udongo unaokanyagwa kila siku hushindiliwa, vitundu vyake vikafungana, na mvua ikinyesha hainywewi bali hutiririka juu juu. Njia ikishakuwa chini ya kingo zake, hata kwa upana wa vidole viwili, maji hayana pa kutokea. Hushuka nayo, na kila yanapokwenda yanaongezewa mengine, yanapata kina, yanapata kasi. Yaliyokuwa yakibeba vumbi kule juu hubeba kokoto huku chini.

Longonot, na kwenye volkano ya Menengai huko Nakuru, kazi hiyo ni rahisi zaidi, kwa sababu ardhi ya huko ni majivu ya volkano na vijiwe vyenye matundu, vyepesi kiasi kwamba vingi ukivitupa kwenye ndoo ya maji vinaelea. Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, unaopata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, una shida ya namna nyingine. Udongo mzito hauchimbiki upesi, lakini huteleza, na kila mtu hukwepa tope kwa kupita pembeni. Njia ya watu wawili huishia kuwa pana kama ya lori.

Kosa kubwa hufanyika kabla jembe halijagusa ardhi: kufuata ile njia ya mkato inayopanda kilima wima. Maji nayo hupenda mkato. Wajenzi wa njia hutumia kanuni ya nusu: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima kinachopitiwa. Kilima kikishuka kwa asilimia 30, yaani mita 30 kwa kila mita 100 za kwenda mbele, njia ikatishe ubavuni kwa asilimia 15 au chini yake. Ikizidi hapo, maji huona ni rahisi kuteremka na njia kuliko kuivuka. Kwa jumla, wastani wa asilimia 10 hudumu katika udongo mwingi. Kwenye majivu punguza zaidi. Maana yake ni kwamba kupanda mita 100 kwenda juu kunahitaji kilomita nzima ya njia, na hapo ndipo wenye haraka huanza kunung'unika.

Kupima hakuhitaji mitambo. Chukua ubao ulionyooka wa mita 2 na pimamaji ya fundi. Ulaze kuelekea bondeni, inua ncha ya chini mpaka kitone cha pimamaji kikae katikati, kisha pima pengo lililobaki. Sentimita 60 ni mteremko wa asilimia 30. Ukitaka kutia alama njia ya asilimia 10, funga kigingi cha sentimita 20 chini ya ncha moja ya ubao, halafu utembee ubavuni ukipigilia vijiti vya alama kila unapopata usawa. Mkulima aliyewahi kupima matuta kwa kamba na pimamaji hahitaji kufundishwa hili.

Ila mkulima huyohuyo ana jambo moja la kusahau. Mitaro ya fanya juu na fanya chini ya shambani, ambayo udongo wake hutupwa juu au chini ya mtaro, huchimbwa ili kuyazuia maji yazame. Njia hutaka kinyume: maji yaivuke upesi, yatawanyike kwenye nyasi, yasikusanyike hata hatua tatu. Kwa hiyo kata ubavu wa kilima upate ngazi pana ya sentimita 75, yote ikikaa kwenye ardhi ngumu. Usikate nusu ukajazia nusu ya nje kwa udongo uliochimbwa. Hiyo nusu ya nje itatitia msimu wa kwanza. Udongo urushe mbali bondeni kwa beleshi, usiuache umelundikana ukingoni. Upande wa bondeni uwe chini kuliko wa mlimani kwa sentimita 3. Kwenye mteremko wa asilimia 30, ukuta wa ndani utakuwa na kimo cha sentimita 20 hivi. Ulaze kidogo kuelekea mlimani; ukiuacha wima utaporomokea njiani na kuwasukuma watu ukingoni.

Jaribio lake ni jerikeni ya maji. Mimina taratibu upande wa ndani. Maji yakivuka na kutoka ndani ya hatua moja au mbili, sawa. Yakigeuka na kufuata njia, rudia kukwangua.

Hata hivyo ile sentimita 3 haidumu. Visigino husukuma udongo nje, nyasi huushika, na tuta dogo hujengeka ukingoni bila mtu kulijenga. Ndiyo sababu njia inayopanda huhitaji mabonde ya kuvunja safari ya maji: kila mita 15 hivi, au kila mita 10 kwenye majivu, njia ishuke kidogo kabla ya kuendelea kupanda, na hapo chini ukingo wa nje ufunguliwe kwa upana wa mita moja au zaidi. Anayetembea hata haoni. Wengi hupenda badala yake kulaza gogo au mstari wa mawe kukatisha njia. Likilazwa kwa pembe mraba kabisa na njia, maji husimama, mchanga hujaa nyuma yake, na mvua inayofuata hupita juu. Lilazwe kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, lizikwe zaidi ya nusu. Boda boda zikipita hapo, usijisumbue na gogo: tairi la nyuma huchimba mfereji unaolizunguka.

Vidato viwekwe pale tu ambapo mwinuko haukwepeki. Kimo cha sentimita 15 hadi 18 kinatosha. Kikizidi, wazee na watoto hupita kando, na kando ndiyo inayogeuka korongo. Mti mbichi wa mkaratusi huliwa na mchwa haraka, kwa hiyo tumia nguzo zilizotiwa dawa au, bora zaidi, mawe. Anzia chini, kila jiwe la juu likikalia kisigino cha lile la chini. Nyuma jaza kokoto, si udongo. Pande zote mbili panga mawe makubwa yenye sura mbaya, ambayo hakuna mtu atakayetamani kuyakanyaga.

Kona nazo hukatwa na watu wanaoona kipande cha njia kilichopo chini yao. Ziweke nyuma ya mwamba au kichaka kizito, ili anayeshuka asione njia ya chini mpaka awe ameshageuka.

Chimba mvua zikiwa zimepungua na udongo bado una unyevu. Vumbi la Februari halishindiliki hata ukilipiga siku nzima. Kukagua ni kazi ya siku ya mvua yenyewe: vaa gambuti, beba jembe, anzia juu ukishuka, maana tundu moja lililoziba juu huharibu mabonde yote ya chini. Fungua midomo ya mabonde, kwangua tuta la ukingoni. Mchanga uliojaa usiutupe. Ndio ule ule ulioondoka juu, kwa hiyo upakie kwenye karai uurudishe ulikotoka.