Mitandao ya kijamii si gazeti lililohamia kwenye simu

Ukiuliza tofauti ya mitandao ya kijamii na vyombo vya habari tulivyovizoea, wengi watakutajia kifaa: gazeti ni karatasi, mtandao ni simu. Kifaa hakitoshi. Gazeti la Mwananchi linasomwa kwenye simu na bado ni gazeti, na redio nyingi zina kurasa zao Instagram. Cha kutazama ni nani anaipitisha habari kabla haijamfikia msomaji, na nani anawajibika ikiwa ya uongo.

Gazetini, habari hupita mikononi mwa watu. Mwandishi anarudi na alichokusanya, mhariri anamhoji: nani kasema haya, upande wa pili umesemaje, jina hili liko sawa? Habari ya ajali ya basi inaweza kungoja mpaka kamanda wa polisi wa mkoa athibitishe idadi ya waliofariki. Nyingine inatupwa kwa kukosa ushahidi, au, tuseme ukweli, kwa sababu mwenye gazeti anaogopa kumuudhi mtoa matangazo au serikali. Ila ikishachapishwa, aliyechafuliwa jina anajua pa kwenda. Kenya, kwa mfano, ipo Tume ya Malalamiko iliyowekwa na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013.

Msomaji naye hakuwa bubu. Kulikuwa na barua kwa mhariri, na redioni kulikuwa na kadi za salamu. Lakini kadi ipi isomwe, hilo liliamuliwa na mtu wa kituo.

Mitandao imegeuza mpangilio huo. Mwenye simu na bando anachapisha kwanza, uchujaji unafuata baadaye, kama utafuata. Facebook na TikTok, kinachoamua nani aone nini ni algorithimu, yaani hesabu za kompyuta zinazopima umetazama video kwa muda gani, umetoa maoni, umemtumia nani. Vipimo hivyo vinapima mvuto, na uongo wenye mvuto huenda mbali. Ndiyo maana watu wawili wa nyumba moja wanafungua programu ileile na kila mmoja anaona mambo yake, ilhali taarifa ya habari ya saa mbili usiku waliitazama pamoja.

WhatsApp ni kisa kingine. Huko habari inasafiri kwa kuaminiana: ujumbe wa sauti kuhusu dawa fulani unaingia kwenye kundi la familia, umetumwa na shangazi, nani atambishia shangazi? Ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi huwekewa mishale miwili, na tangu Aprili 2020 unaruhusiwa kuutuma kwenye gumzo moja tu kwa wakati mmoja. Itazame mishale hiyo. Maana yake ni kwamba shangazi si mwandishi wa ujumbe ule, naye kaupokea tu.

Nisieleweke kwamba gazeti ni bora kwa kila jambo. Juni 2024, vijana wa Kenya waliueleza Mswada wa Fedha kwenye TikTok kwa lugha za nyumbani, kodi moja baada ya nyingine, na wakajadiliana kwa sauti kwenye X saa nyingi. Mjadala mpana namna ile, wenye maelfu ya wasemaji, hauingii kwenye kurasa za gazeti. Rais Ruto aliukataa mswada huo tarehe 26 Juni, na Julai akaingia mwenyewe kwenye mjadala wa X kujibu maswali ya vijana.

Mpaka wenyewe umeanza kufifia. Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu na televisheni za mtandaoni wapate leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Sasa kuna chaneli za YouTube zenye waandishi, wahariri na ofisi, na pia kuna watangazaji wa redio ambao kurasa zao binafsi hazipitiwi na mhariri yeyote. Za kwanza ningeziita vyombo vya habari kamili. Hizo kurasa ni mitandao ya kijamii, hata kama sauti ni ileile uliyoisikia asubuhi redioni.