Kabla ya Kulaumu Dawa: Chakula, Mazoezi na Utendaji wa Insulini Mwilini

Kila ifikapo Januari, ndugu waliokuja Kilimanjaro kwa Krismasi na Mwaka Mpya wakisharudi Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko, kliniki za kisukari mjini Moshi hupokea malalamiko ya aina moja, kwamba dawa zinazotolewa dirishani hazina nguvu. Mgonjwa huweka mezani vidonge vya metfomini, dawa ya kushusha sukari, akaonyesha kuwa hata boksi limebadilika rangi, na kuomba apewe zile za mwanzo. Malalamiko hayo yanapokelewa, kwani dawa yenye kasoro si jambo la kupuuzwa, mradi mlalamikaji alete boksi lenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, si vidonge viwili vilivyofungwa kwenye karatasi ya daftari. Hata hivyo, kabla ya kulaumu kiwanda, ni vyema kuzitazama zile wiki mbili tatu za nyama choma, mbege, soda na kukaa barazani, kwa sababu muda huo unatosha kabisa kudhoofisha kazi ya insulini, homoni inayoziamuru tishu za mwili kuchukua sukari kutoka kwenye damu.

Insulini hutengenezwa na kongosho, lakini wingi wake katika damu hautoshi kueleza jambo lote. Tishu nazo ni lazima ziiitikie. Katika kisukari cha aina ya pili, tishu huiitikia kwa uzito, hali inayoitwa usugu wa insulini, na kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi hadi linapozidiwa. Kisukari cha aina ya kwanza ni ugonjwa mwingine, ambapo kongosho limeacha au linakaribia kuacha kabisa kutoa homoni hiyo, na hakuna mlo wala mazoezi yanayochukua nafasi ya sindano. Jambo hili limesemwa mara nyingi, na bado wapo wazazi wanaomwachisha mtoto sindano kwa kuwa jirani yao alipona kwa kubadilisha chakula.

Tishu inayopokea sehemu kubwa ya glukosi, yaani sukari ya damu, kwa amri ya insulini ni msuli. Insulini inapoufikia, protini za kubebea glukosi ziitwazo GLUT4 hutoka ndani ya seli, zikapanda kwenye utando wa nje na kuingiza glukosi kutoka kwenye damu. Mafuta yakirundikana ndani ya seli za msuli usiofanya kazi, ujumbe huo hufifia njiani. Msuli unapojikunja na kujikunjua, kwa upande mwingine, protini hizohizo hupanda hata bila amri ya insulini, na ndiyo sababu matembezi mafupi baada ya mlo hupunguza sukari hata kwa mtu mwenye usugu. Faida haiishii hapo, kwa kuwa msuli unaojaza upya akiba yake ya glukosi huendelea kuiitikia insulini vizuri zaidi kwa saa 24 hadi 48, kisha hurudi ulikokuwa. Kwa hiyo mgonjwa anashauriwa asipitishe zaidi ya siku mbili mfululizo bila mazoezi. Anayekimbia Jumapili na kukaa siku sita ana Jumatatu nzuri, pengine na Jumanne.

Kupoteza uwezo huo nako hakuchukui muda mrefu. Watafiti wa Copenhagen nchini Denmark waliwachukua vijana wenye afya njema waliozoea kutembea takriban hatua 10,000 kwa siku, wakawapunguzia hadi chini ya hatua 1,500, na baada ya wiki mbili tu miili ya vijana hao ilikuwa inaiitikia insulini kwa udhaifu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Mama wa Kibosho anayekata majani ya ng'ombe na kuyapandisha mlimani kichwani hatuna la kumwongezea. Mwenye duka Mbuyuni, anayeletwa na bodaboda asubuhi, akakaa kwenye kiti hadi jioni na kurudishwa mlangoni, asijihesabie kazi ya mama huyo kwa kuwa tu wametoka kijiji kimoja.

Ini nalo lina habari yake. Usiku insulini hulizuia lisimwage glukosi kupita kiasi, lakini ini lililojaa mafuta halizuiliki vizuri, hivyo mtu hulala bila kula na kuamka sukari ikiwa juu, akaapa kwamba hakugusa kitu. Tunamwamini. Glukosi hiyo haikutoka jikoni, ilitoka mwilini mwake. Mafuta ya kitambi huchangia hali hiyo, kwani tishu za mafuta zikiwa sugu kwa insulini huachia asidi za mafuta zinazoelekea ini na misuli. Utafiti mkubwa uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2002 ulionyesha kuwa watu waliokuwa hatarini kupata kisukari, waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58, wakati waliopewa metfomini walipunguza kwa asilimia 31.

Kuhusu chakula, dona si dawa. Ina nyuzinyuzi kuliko sembe, lakini wanga wake ni wanga, na ugali wa dona unaojaza sahani hupandisha sukari. Mtori nao huhesabiwa kwa kiasi cha ndizi, si kwa kuwa ni chakula cha nyumbani. Nusu ya sahani iwe mchicha, mnafu au mboga nyingine, robo iwe wanga, na robo inayobaki iwe maharage, samaki au nyama isiyo na mafuta mengi. Asali ni sukari, na juisi ya matunda, hata ikikamuliwa mbele ya macho yako, ni sukari iliyopunguziwa nyuzinyuzi.

Mbege inahitaji tahadhari ya pekee. Ndizi mbivu na ulezi huleta wanga, lakini pombe yake hulizuia ini kutengeneza glukosi mpya, hivyo anayetumia insulini au glibenklamaidi, kidonge kinacholisukuma kongosho kutoa insulini, akinywa bila kula, anaweza kushukiwa na sukari usiku. Hutoka jasho, hutetemeka, huongea ovyo, na waliomzunguka husema amelewa, wakamfunika blanketi na kumwacha alale.

Wanaotumia dawa hizo mbili wapime sukari kabla ya mazoezi. Ikiwa chini ya milimoli 5.0 kwa lita, wale kitu kwanza, ikizidi 13.9 na mgonjwa anajisikia vibaya, aahirishe na awasiliane na kliniki. Insulini isichomwe pajani muda mfupi kabla ya kupanda mlima, kwa sababu msuli unaofanya kazi huiharakisha kuingia kwenye damu. Sukari ikishuka chini ya 3.9, mgonjwa aliye na fahamu anywe maji yaliyokorogwa vijiko vitatu vya chai vya sukari, apime tena baada ya dakika 15, na arudie ikiwa haijapanda. Dozi isipunguzwe bila ushauri wa daktari, hata kama mazoezi yanaenda vizuri.

Kwa kipimo cha asubuhi kabla ya kula, mgonjwa akae angalau saa 8 bila chakula. Maji yanaruhusiwa, chai ya rangi hairuhusiwi hata isipokuwa na sukari. Dozi ya asubuhi ya insulini au vidonge aje nayo mkononi, aitumie baada ya kutolewa damu na kupata kifungua kinywa. Kujinyima siku tatu kabla ya kliniki ili namba ipendeze hakusaidii, kwa kuwa kipimo cha wastani wa sukari huonyesha hali ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Aliyekwisha kula aseme mapema mapokezi, kabla damu haijatolewa, naye atapangiwa tarehe nyingine.