Baada ya kiharusi: tutajuaje kama mazoezi yanasaidia?

Kwa nini mtaalamu wa mazoezi tiba anampima baba kwa saa badala ya kumuuliza anajisikiaje?

Anamuuliza pia. Ila "sijambo" ya leo na ya mwezi jana hazilinganishiki, hasa kwa mzee asiyependa kulalamika mbele ya wanawe. Sekunde zinalinganishika. Baba anainuka kitini, anatembea mita 3, anageuka, anarudi kukaa. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, huwahesabu wazee wanaotumia sekunde 12 au zaidi kuwa wako hatarini kuanguka. Vinatosha kiti, saa na alama sakafuni.

Na shughuli za kila siku?

Kipo kipimo cha Barthel, kilichochapishwa mwaka 1965. Kinaangalia mambo 10, yakiwemo kula, kuoga, kuvaa, haja ndogo na kubwa, kuhama kitandani na kupanda ngazi. Alama ni 0 hadi 100.

Hapa familia nyingi hukosea kwa mapenzi. Kipimo hiki kinahesabu kile mgonjwa anachokifanya, si kile ambacho angeweza kukifanya. Mama ana nguvu ya kushika kijiko, lakini binti anamlisha kila mlo kwa huruma: kwenye kula atapata sifuri, na mkono nao utazidi kusahau kazi yake. Nawaombeni sana, mwacheni ale mwenyewe, hata kama uji utamwagika na mlo utachukua saa nzima.

Amefikisha 100. Amepona?

Si lazima. Waliokitunga wenyewe walieleza kwamba mwenye 100 huenda bado hawezi kupika wala kutunza nyumba. Nami naongeza: hakiulizi kama anaweza kukaa mkekani, kuchuchumaa chooni au kupanda daladala. Basi siku ya kwanza mwambieni mtaalamu mgonjwa anataka kurudia nini hasa, kiandikwe kwenye faili, nacho kipimwe.

Je, kila badiliko ni maendeleo?

Hapana, na watafiti hulihangaikia sana swali hili. Mtu yuleyule akipimwa mara mbili, majibu hutofautiana kidogo. Katika kipimo cha umbali ambao mtu anatembea kwa dakika 6, kwa wagonjwa wa mapafu huhitajika ongezeko la mita 30 hivi ndipo lihesabike kuwa la maana. Ndiyo sababu siku ya kupimwa baba avae viatu vilevile na ashike fimbo ileile ya mara iliyopita.