Jiwe Juu, Pango Chini: Kumpima Mkandarasi wa Kuchoronga Misingi

Anayetaka kujenga ghorofa Paje au Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, huambiwa kuwa ardhi ya uwanda, yaani ya jiwe la matumbawe, ni mawe matupu, basi msingi hauna shida. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Jiwe la matumbawe huweza kuwa gumu juu, na mita chache chini yake pakawa na uwazi wa kuingia mtu. Pango la Mangapwani na la Kuumbi tunayajua kwa sababu yana mlango. Mengine hayana.

Wakandarasi wa kuchoronga aghalabu huanzia kwenye visima vya maji: mtambo mmoja juu ya lori, kompresa, na nyundo ya hewa ya kupondea jiwe. Ni chuo kizuri, maana mchimba visima huitambua sauti ya jiwe zima na ya jiwe bovu. Ila kisima hakibebi kitu. Nguzo ya msingi, yaani shimo lililochorongwa likajazwa zege, tuseme la upana wa sentimita 60, hubeba jengo, na anayevuka kutoka kazi ile kwenda hii bila kuajiri mtu wa kuandika kila mita iliyotobolewa, kwangu mimi huyo hajakua. Amenunua chuma tu.

Fimbo ya mtambo ikishuka ghafla, au hewa isiporudi juu na vumbi la jiwe, chini pana uwazi. Mkandarasi makini husimama hapo hapo. Huujaza uwazi kwa mchanganyiko wa saruji na mchanga, husubiri ugande, kisha huchoronga upya. Au hupitisha bomba la chuma likabaki humo, na nguzo ikaenda kukaa kwenye jiwe zima. Mwenye haraka humwaga zege tu. Hapo hesabu ndiyo inayomuumbua: shimo la sentimita 60 lenye kina cha mita 10 hutaka takriban mita 2.8 za ujazo. Zikiingia tano na shimo bado halijajaa, zege linakwenda pangoni, na pesa zako nalo.

Mjini Unguja mambo ni mengine. Darajani palikuwa na hori la bahari lililokuja kufukiwa. Kwenye ardhi kama hiyo ya kifusi na tope, kuta za shimo hazisimami zenyewe. Hushikiliwa kwa bomba la chuma au kwa uji wa bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi. Zege nalo hushushwa kwa bomba mpaka chini kabisa, likiyasukuma maji juu, lisichanganyike nayo. Karibu na nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe, nguzo zichorongwe, zisigongwe, kwani mtikisiko huzipasua kuta kuukuu.

Kabla ya kutia saini, omba daftari za mashimo ya kazi zake zilizopita: kina, aina ya jiwe, maji yalipoonekana, zege lililoingia. Ukikuta kazi ya uwandani ambayo mashimo yote arubaini yana kina kimoja na zege sawasawa, muulize nani aliyeziandika, na wapi.