Taa kwanza, kamera baadaye: vifaa vya kupigia picha chini ya maji ya Dar

Haipiti wiki mbili bila kupata ujumbe wa namna hii: "Dada, nimejichanga, nataka kamera ya kupigia picha chini ya maji. Ninunue ipi?" Nami namrudishia swali: utapigia wapi, na mwezi gani? Wengi hudhani nakwepa kujibu. Sikwepi. Bahari ya hapa Dar si ile ya kwenye matangazo ya kamera, na aliyenunua vifaa kwa kuangalia matangazo huishia kuviuza mtandaoni kabla mwaka haujaisha.

Chukua mfano wa mwezi uliopita. Nimeamka alfajiri, mitungi ya hewa iko kwenye gari, nafika Kunduchi kupanda boti ya kisiwa cha Mbudya. Nahodha wangu, mzee aliyeijua bahari hii kabla sijazaliwa, ananitazama na begi langu kubwa anatikisa kichwa.

"Shikamoo mzee. Maji vipi leo?"

"Marahaba mwanangu. Bamvua hili, chini kumevurugika. Leo utapiga picha ya maziwa."

Alikuwa sahihi. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu huzidi mita 3, na maji yote hayo yakikimbia hubeba tope na mchanga. Siku za maji mafu, tofauti hiyo ikiwa ndogo, mkondo hutulia. Msimu nao una lake: masika ikishuka, Msimbazi na Mpiji huleta udongo wa mjini na mashambani mpaka baharini; upepo wa kusi ukivuma katikati ya mwaka, mawimbi hukoroga kilichobaki. Wakati wa upepo wa kaskazi, kabla ya masika, ndipo utapata siku za kuona mbali. Siku nyingine zote uone mita tano, sita, au nane ukiwa na bahati. Kwa hiyo mimi kabla ya kuuliza sensa, kile kidaka mwanga ndani ya kamera, ina megapikseli ngapi, nauliza kati ya lenzi na samaki kutakuwa na maji kiasi gani.

Maji hula rangi. Nyekundu ndiyo ya kwanza kuondoka. Ukifika kina cha mita 5 hivi imeshafifia vibaya. Rangi ya chungwa hufuata, kisha njano, na ukizidi kushuka kila kitu ni buluu na kijani. Niliwahi kujikata kidole na gamba la chaza nikiwa karibu mita 20 chini, damu ikatoka ya kijani kibichi kama juisi ya mlonge. Wanaoanza husahau kwamba maji hayahesabu kina peke yake. Yanahesabu safari nzima ya mwanga, kutoka juu mpaka kwa samaki, halafu kutoka kwa samaki mpaka kwenye lenzi. Ukiwa mita 4 tu chini, na chewa yuko mita 3 mbele yako, mwanga umekata mita 7 kabla ya kukufikia. Ndiyo maana picha yako ni ya kijivu wakati macho yako yaliona rangi. Na kusogeza kwa kuvuta lenzi hakusaidii chochote, maana maji yako palepale. Umekuza ukungu tu. Sogea wewe.

Ukikubali hilo, suala la lenzi linakuwa jepesi. Unahitaji lenzi inayokuruhusu kumkaribia mnyama, na ziko aina mbili tu: lenzi pana sana, ambayo unaweza kuwa nusu mita kutoka kwa kasa na bado akaingia mzima kwenye picha, au lenzi ya makro, ya vitu vidogo, ambayo unafanya kazi kwa sentimita. Lenzi ndefu ya kupigia simba Mikumi iache nyumbani.

Hapa kuna jambo la kioo ambalo wauzaji hawalielezi. Kamera ya kawaida inaingia ndani ya kasha lisilopitisha maji, na mbele ya kasha kuna dirisha. Dirisha likiwa bapa, mwanga unapotoka kwenye maji kuingia kwenye hewa hupinda, na kitu kilicho mita 1 huonekana kama kiko sentimita 75. Kwa makro hiyo ni zawadi, kila kitu kinakua bure. Kwa lenzi pana ni hasara: upana ulioulipia unapungua, na pembe za picha zinavutika na rangi zake kutawanyika. Dawa yake ni dirisha la kuba, lililobinuka kama kuba la msikiti. Linarudisha upana wote. Lakini kuba nalo ni lenzi likiwa majini. Linatengeneza taswira karibu sana, kiasi kwamba hata jahazi lililo mbali kabisa, kamera inaliona kama liko umbali wa mara tatu ya nusukipenyo cha kuba. Kuba lenye nusukipenyo cha sentimita 10 linataka lenzi inayoweza kufokasi, yaani kupata picha kali, sentimita 30 kutoka hapo kiooni. Nimeona kijana kafunga lenzi nzuri ya bei mbaya nyuma ya kuba dogo, hakupata picha kali hata moja, akalaumu kamera. Lenzi za jicho la samaki, zile pana kupindukia, hupendwa sana chini ya maji kwa sababu hufokasi karibu mno.

Kwa Dar, ukiniuliza uanze na ipi, nakwambia makro bila kusita. Miamba yetu iliteswa na baruti miaka mingi, na sehemu nyingi utakuta vifusi vya matumbawe badala ya bustani za kwenye kalenda. Ila ndani ya vifusi hivyo ndimo walimo: konokono wasio na gamba wenye rangi za kanga za sikukuu, kamba wadogo wanaoonekana kama kioo, kaa wasiozidi kucha ya kidole, samaki mkunga anayechungulia. Hao wote unawapiga ukiwa karibu sentimita 15, na kwa umbali huo hata maji ya maziwa ya yule mzee yanapitika.

Sasa taa. (Hapa namaanisha taa ya kuwaka, maana kwetu taa ni samaki pia, na yule mwenye madoa ya buluu nimeshamfukuza sana pale kisiwa cha Sinda.)

Bajeti yako igawe nusu kwa nusu: nusu kamera, lenzi na kasha, nusu taa. Watu hunishangaa, lakini rangi iliyoliwa na maji hairudi kwa programu ya kompyuta kama haikufika kwenye sensa; inabidi uibebe mwenyewe. Flashi inafanya hivyo, ndani ya umbali mfupi. Mwanga wake unakwenda na kurudi, kwa hiyo ukivuka mita 1 au 1 na nusu umeshaanza kupoteza wekundu tena. Flashi moja inatosha kwa makro. Lenzi pana inataka mbili.

Tatizo letu kubwa ni chembe. Ukiwasha flashi iliyokaa juu ya kamera, kila punje ya tope iliyo kati yako na samaki inawaka, na picha inakuwa kama imenyeshewa na theluji. Ndiyo sababu flashi hukaa kwenye mikono mirefu. Zitanue kulia na kushoto, zirudishe nyuma kidogo ya kasha, kisha zigeuze kwa nje kidogo, ili samaki aguswe na ukingo wa mwanga tu na maji yaliyo mbele ya lenzi yabaki gizani. Utajaribu mara ishirini ndipo mkono uzoee. Mimi ilinichukua karibu msimu mzima.

Taa ya video, ile inayowaka muda wote, ina faida kwamba unaona unachopata kabla ya kubonyeza. Kwa video haina mbadala. Kwa picha tuli haifikii nguvu ya flashi kwa ile sekunde ndogo ya mlipuko, na wanyama wengi huikimbia. Mwenye pesa ya kimoja anunue flashi, na tochi ndogo ya kutafutia fokasi. Ikiwa na mwanga mwekundu ni bora zaidi usiku, kwani viumbe wengi hawaujali.

Kichujio chekundu, kile kioo cha rangi kinachowekwa mbele ya lenzi, kinasaidia kwa wasio na taa, kwenye maji maangavu ya kina kifupi na jua likiwa nyuma yako. Ukikitumia pamoja na flashi, picha inakuwa nyekundu kama mchuzi wa nyanya. Maji yakiwa ya kijani, kinachofaa ni chenye rangi ya zambarau-waridi.

Kamera yenyewe? Ndogo. OM System TG-7 ya mwaka 2023, au mtangulizi wake Olympus TG-6 ya 2019 kwa aliyeipata iliyokwisha kutumika: inashuka mita 15 bila kasha, 45 ikiwa ndani ya kasha lake, inatoa faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaichakata), na inafokasi mpaka sentimita 1 mbele ya lenzi. Kasoro yake inaniudhi: huwezi kupanga kwa mkono spidi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga. Bado nawaambia wanaoanza waichukue. GoPro, ile kamera ndogo ya michezo, ni ya video na ya lenzi pana, usiitarajie kwa kamba wa sentimita 2. Kamera kubwa za kubadili lenzi zina picha nzuri kuliko zote, lakini kasha lake peke yake mara nyingi linazidi bei ya kamera, na halitoshi kamera nyingine utakapobadilisha. Ule mfuko wa plastiki wa simu wanaouza ufukweni, wape watoto wachezee penye maji ya magoti.

Kisha kuna oringi, ule mpira mwembamba wa duara unaoziba kasha. Kamera yangu ya kwanza ilikufa Mbudya kwa sababu yake, na kosa lilikuwa langu. Niliufuta kwa kipande cha kanga, uzi mmoja ukabaki, sikuuona. Mita 10 chini shinikizo ni mara mbili ya juu, na uzi mmoja unatosha kuwa mlango. Niliona viputo vikitoka kwenye kasha, nikajua. Siku hizi naupitisha oringi vidoleni, napaka grisi ya silikoni kiasi cha kung'aa tu, na nafunga kasha usiku, ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Ukifunga ufukweni mchana wa Februari unafungia unyevu wa Dar humo ndani, na kioo kinapata ukungu mara unapozama.

Ukirudi, loweka kasha kwenye maji yasiyo na chumvi angalau nusu saa huku ukibonyezabonyeza vitufe vyote chumvi itoke. Hakikisha kwanza kwa ulimi. Visima vingi vya huku pwani, Mbezi na Kigamboni, vina maji ya chumvi, na nimewahi kuoshea vifaa vyangu chumvi kwa chumvi miezi mitatu bila kujua. Sasa nabeba dumu la maji ya bomba kwenye boti, na yule mzee wa Kunduchi amezoea kunikumbusha kabla hatujang'oa nanga.